Samaki Aliyepikwa Vizuri Mno

Mpishi wa kantini ya kituo cha maji alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani mwake, na ugonjwa huo ulikuwa sahani yenye mabaki. Akiona mtu amesukuma sahani pembeni na bado kuna kijiko cha wali kimebaki, alitoka jikoni na upawa mkononi, akavuta kiti, akaketi mbele ya mtu huyo na kumuuliza kwa upole wa daktari, "Unaumwa wapi?" Mtu alimaliza. Hata aliyekuwa anaumwa kweli alimaliza. Ndiyo maana wafanyakazi walimwita Mama Upawa. Katika miaka ishirini na miwili aliyopika pale, mbwa wa mlinzi alikonda kwa kukosa makombo, mwisho akahamia kiwanda cha jirani.

Upishi alijifunza kwa mama yake, aliyekuwa akipikia shule ya bweni yenye watoto mia tatu. Watoto mia tatu wakinuna kwa pamoja, unasikia kama mvua inakuja. "Chakula kikirudi jikoni," mama yule alikuwa akimwambia, "usidhani kimerudi chakula. Umerudi wewe." Binti akayaweka maneno hayo moyoni, akakua nayo, akaolewa nayo. Mumewe, fundi redio mpole asiyependa maneno mengi, aligundua mapema kwamba ndoa yake itadumu kadiri sahani yake itakavyokuwa nyeupe.

Jiko la kantini lilikuwa chumba kirefu nyuma ya ofisi, lenye majiko matatu ya mkaa, jiko moja la gesi lililokubali kuwaka upande mmoja tu, na dirisha lililotazama bwawa. Na humo bwawani ndimo balaa lilimoanzia.

Nani alilileta, kila mtu ana lake la kusema. Habari inayokubaliwa na wengi ni kwamba hoteli moja ilikuwa na tangi la kioo hapo mapokezi, na ndani yake samaki wawili weusi, wale wa kulamba vioo. Walilamba wakakua, wakalamba wakakua, hadi wakaanza kuwatazama wageni kwa jicho la mwenye nyumba. Mtu mmoja mwenye huruma akawabeba kwa ndoo, akawamwaga bwawani wakapumue. Huruma ile ilizaa. Ilizaa sana.

Samaki wenyewe walikuwa na kichwa kipana, mdomo uliokaa chini kama mhuri wa ofisi, na mwili uliovikwa magamba magumu yenye migongo migongo, ndipo watu wakawaita samaki bati. Waliosema samaki mkunje angali mbichi hawakuwa wamekutana na huyu. Na waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakujua kuna mgeni anayekuja na jembe lake: bati walichimba mashimo kwenye kingo za bwawa mpaka kingo zikawa kama mkate wa juzi. Nyavu za wavuvi zilichanika. Samaki wa asili wakawa wa kuhadithiwa.

Asubuhi moja mabomba ya mji mzima yalikohoa, yakapiga chafya, yakanyamaza. Fundi pampu alifungua kichujio kikubwa akakuta bati arobaini wamebanana mle kama vijiko kwenye droo. Akawatoa mmoja mmoja kwa koleo, huku akizungumza nao maneno ambayo mkewe hakuwahi kuyasikia.

Siku ya tatu alifika bwana samaki, afisa wa uvuvi wa wilaya. Alikuwa kijana mwembamba, faili kwapani, na kofia aliyoivaa kwa uangalifu kama mtu aliyeazimwa. Mkutano ukafanyika kantini, maana ndipo penye viti.

"Wazee wetu walisema adui mwombee njaa," alianza. "Huyu adui hapatwi na njaa, anakula hata ukuta. Kwa hiyo njaa itakuwa yetu. Sumu hatuwezi kuweka, maji tunakunywa. Tumejadiliana huko ofisini, na tumeona njia ni moja. Tumle."

Watu wote wakageuka polepole kumtazama Mama Upawa, kama alizeti zinavyogeukia jua.

Mama Upawa alikuwa amemshika bati mmoja mkiani, anamkagua. Alimgonga na upawa. Akalia ngo, ngo.

"Mwanangu," akamwambia bwana samaki, "huyu si kitoweo. Huyu ni kipande cha paa."

"Ni jamii ya kambare, mama. Ndani ana nyama safi, nyeupe."

"Ndani nafika vipi?"

Bwana samaki akafungua faili. Karatasi zote nne zilieleza kwa nini samaki huyo aliwe. Hapakuwa na hata moja iliyoeleza namna.

Basi Mama Upawa akaanza kujaribu. Bati wa kwanza alimlaza kando ya sinki tangu saa mbili asubuhi, akamwacha huko afe kwa amani wakati yeye akichagua maharage. Saa saba mchana alirudi na kisu. Alipomgusa tu, bati akatoa sauti, kwii, kwii, kama mlango wa kabati uliokosa mafuta. Mama Upawa akajikuta anamwambia, "Samahani, nilidhani umeshaondoka." Bati akajirusha sakafuni, akajikokota kwa mapezi kuelekea mlangoni, hatua kwa hatua, bila haraka, kama mtu aliyemaliza shida zake ofisini. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; Mama Upawa alikuwa akiisikia methali hiyo tangu utoto, ila hakuwahi kufikiri kuna mtu alikaa akaiona kwa macho.

Kisu kikavunjika ncha. Panga likateleza. Akaenda karakana kumwomba fundi pampu msumeno wa chuma.

"Unataka kukata nini?" fundi akauliza.

"Kitoweo."

Fundi pampu, mtu wa heshima, hakuuliza la pili. Ila siku hiyo alikula mkate aliouleta kutoka kwake.

Bati wa kuchemshwa alinuka tope. Bati wa kukaangwa alirusha mafuta mpaka darini na bado hakulainika. Bati wa kukatwa kwa msumeno alitoka vipande vizuri sana, vya kupanga ukutani. Kwa juma zima Mama Upawa alirudi nyumbani akiwa na vidole vilivyofungwa vitambaa, na wimbo mmoja mdomoni: bati, bati, bati.

Mumewe alikuwa mezani, amefungua tumbo la redio, anayeyusha risasi ya waya fulani uliokataa kutoka. Bila kuinua kichwa akasema, "Mimi kitu kikikataa kufunguka, sishindani nacho. Nakipasha moto."

Ilikuwa sentensi ndefu kwa kipimo chake, na Mama Upawa aliiheshimu. Kesho yake hakumkata bati wala kumparua. Alimlaza mzima mzima juu ya makaa, na koti lake mwilini, akamgeuza mara tatu. Magamba yakapauka, yakapasuka ubavuni, na alipovuta kwa koleo koti lote likatoka kwa mara moja, kama la mtoto aliyefika nyumbani kutoka shule. Ndani kulikuwa na nyama nyeupe, nene, isiyo na miba ya kusumbua. Harufu ya tope ilikuwa imebaki kwenye koti.

Akainyofoa, akaikamulia ndimu. Akakaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya dhahabu, akatia tangawizi, vitunguu saumu, nyanya zilizoiva kupita kiasi, pilipili moja isiyopasuliwa, kisha akaitia ile nyama dakika chache tu na kufunika. Alipofunua alionja. Akaonja tena. Mara ya tatu haikuwa kuonja.

Siku ya kuwapa watu, kantini ilikuwa na ukimya wa chumba cha mtihani. Watu thelathini na mmoja walikaa mbele ya sahani zao na hakuna aliyeshika kijiko. Mama Upawa akasimama mlangoni. Alihamisha upawa tu kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia.

Karani wa malalamiko, mtu mwenye watoto wanne wa kulea, ndiye aliyetangulia. Akatafuna. Akaacha kutafuna, akatazama dari, halafu akaanza tena kwa kasi ambayo hajawahi kuitumia kazini. Fundi pampu akafuata. Msoma mita akafuata. Meneja wa kituo, aliyekuja kwa ajili ya picha tu, alifungua kifungo cha suti na kuomba nyongeza. Sahani zilirudi jikoni safi, na mojawapo ilikuwa imelambwa.

Bwana samaki aliandika mapishi yale kwenye karatasi, akapiga mhuri, akabandika getini: NAMNA YA KUPIKA SAMAKI BATI. Hapo mambo yakashika moto. Watu walinakili, wakapika, wakaambiana. Lakini wote walikubaliana kwamba wa nyumbani hafikii wa kantini, na kantini ilikuwa ya wafanyakazi na wenye shida rasmi. Basi mji ukapata shida rasmi. Dirisha la malalamiko, lililozoea watu watatu kwa wiki, likawa na foleni mpaka nje ya geti kila siku kuanzia saa tano na nusu. Mtu mmoja alilalamika kwamba maji yake yana maji mengi. Bibi mmoja alileta bili ya miaka saba iliyopita, iliyokwisha kulipwa, akasema amekuja kuishukuru ofisi kwa uchungu. Saa saba kamili, harufu ilipotoka, malalamiko yote yaliisha kwa wakati mmoja na walalamikaji wakauliza kantini iko upande gani.

Wavuvi nao wakaacha kulia juu ya nyavu. Walishona mpya za kamba nene na kuvua bati usiku na mchana. Miezi minane haikupita kichujio kikawa safi. Bwana samaki alipewa cheti na ofisi ya mkoa. Alikileta kantini, akakisimamisha mezani karibu na chumvi, watu wakakitazama wanapokula.

Furaha ile ilidumu siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili msoma mita alirudi kutoka mitaani akiwa na sura ya mtu aliyeona jini anapiga mswaki. Alikuwa amepanda juu ya tangi la nyumba moja kuangalia kwa nini maji yana harufu. Ndani akakuta bati kumi na wawili. Nyumba ya pili, bati watano kwenye pipa. Nyumba ya tatu, mama mwenye nyumba alikataa katakata kufungua bafu, akisema kuna mgonjwa, lakini mgonjwa yule alilia kwii, kwii.

"Wanawafuga," msoma mita akasema. "Mji mzima unawafuga."

Bwana samaki hakuamini. Akaenda bwawani mwenyewe, akawakuta wavuvi wanawarudisha majini bati wadogo mmoja mmoja, kwa mikono miwili, kwa mapenzi. Mwenyekiti wa wavuvi akamkabidhi barua. Wameunda Chama cha Kuwalinda Samaki Bati, na wanaomba serikali ifunge uvuvi miezi mitatu ili viumbe hawa wapate utulivu wa kuzaa.

"Utulivu wa kuzaa," bwana samaki akasoma kwa sauti. Akaisoma tena. Kisha akaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akavua kofia.

Lililommaliza ni pale alipokwenda kwa meneja kutoa taarifa. Alimkuta kwake, bustanini, ameinama juu ya kidimbwi cha maua, mikono ya shati imekunjwa. Anatia majani ya mchicha, na anaita kila samaki kwa jina.

Kesho yake, kabla ya saa tatu, bwana samaki aliingia jikoni kupitia mlango wa nyuma. Alikaa juu ya gunia la viazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana kama bahasha ya zamani?"

"Mama, nimekuja na ombi. Ni ombi zito na naomba usinirarue." Akaizungusha kofia mikononi. "Tulitaka waliwe. Hatukutaka wapendwe. Sasa wamependwa, na mtu hamalizi kitu anachokipenda, anakifuga. Kwa hiyo nakuomba, kwa faida ya bwawa na ya vizazi vijavyo, upike vibaya."

Mama Upawa akaendelea kumenya kitunguu mpaka kikaisha chote.

"Rudia," akasema.

"Upike vibaya, mama. Kidogo tu. Chumvi ikizidi, au kiungue kidogo."

Angemtukana mama yake, isingeuma hivyo. Lakini alimtazama kijana yule juu ya gunia, akaona amepungua hata ule wembamba aliokuwa nao, na huruma ikamwingia moyoni. Akakubali kujaribu.

Siku ya kwanza alitia chumvi mara tatu ya kawaida. Alisimama pembeni ya sufuria, mikono nyuma, akijizuia. Mkono wa kulia ukachoropoka, ukachukua viazi viwili, ukavitupia mle vifyonze chumvi. Chakula kikatoka kizuri, na viazi vikasifiwa. Siku ya pili aliuunguza mchuzi makusudi. Fundi pampu akaja mpaka kidirishani kumshika mkono. "Leo umeongeza ule moshi," akasema. "Mimi mtu wa karakana, nimeguswa." Siku ya tatu hakuweka kiungo chochote, na watu wakasema sasa ndiyo amefikia kiwango cha hoteli kubwa.

Akarudi nyumbani amechoka, akajitupa kwenye kochi. Na nyumbani wakati huo alikuwapo wifi.

Wifi, dada mkubwa wa fundi redio, alikuwa mshona mapazia aliyestaafu, mnene, mcheshi, mwenye kicheko cha kuamsha majirani. Alikuja kukaa nao wiki mbili wakati nyumba yake inaezekwa upya, na huo ulikuwa mwezi wa pili. Watu walimpenda sana. Hofu yao ilikuwa moja tu: akigusa sufuria. Wifi alitia mdalasini kwenye samaki na sukari kwenye kabichi, na mchuzi ukiwa mweupe aliutia majani ya chai ili ushike rangi. Katika kila shughuli ya ukoo alipewa kazi ya kuhesabu viti, na akimaliza aliombwa ahesabu tena, labda kuna kilichozaliwa. Yeye mwenyewe aliamini ni mpishi hodari ambaye ukoo unamwonea wivu. Kwa miaka ishirini na tano alikuwa akisubiri mtu mmoja tu amwombe apike, na mtu huyo alikuwa mke wa mdogo wake.

Mama Upawa alimtazama wifi aliyekuwa anakunja nguo huku akiimba. Kitu kikamgonga kichwani kama upawa wake mwenyewe.

"Wifi," akasema. "Nimezidiwa kazini. Ungekuja kunisaidia. Unipikie bati."

Wifi akaacha kukunja. Akaketi polepole. Macho yakamjaa maji.

"Nilijua," akasema. "Nilimwambia marehemu shemeji yako, nikamwambia, mtoto yule ana kiburi lakini si mjinga. Iko siku ataniomba."

Fundi redio, pale mezani, aliangusha bisibisi.

Jumatatu wifi alifika kantini na aproni mpya aliyoishona mwenyewe, yenye mikunjo ya pazia la sebuleni. Hakutaka kusaidiwa. Alimchemsha bati na koti lake. Akatia mdalasini, tena kwa kiganja. Akatia sukari ya kuondoa ukali, majani ya chai ya kuleta rangi, halafu unga wa ngano kidogo kidogo mpaka mwiko ukasimama wenyewe katikati ya sufuria, bila kushikwa. Mama Upawa alikaa kwenye kigoda, amegeukia ukuta.

Chakula kikatoka. Wafanyakazi wakachota kijiko cha kwanza kwa imani yote ya miezi minane. Msoma mita alitoa alichokuwa nacho mdomoni, akakitazama, akakifunika na leso kama mtu anayefunika maiti wa barabarani. Karani wa malalamiko, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, alikuwa na lalamiko. Sahani thelathini na moja zikasukumwa pembeni kwa pamoja, na sauti yake ilikuwa kama mvua inakuja.

Bwana samaki, aliyejificha karibu na mlango wa stoo, alimwonyesha Mama Upawa dole gumba. Wameshinda.

Lakini Mama Upawa alikuwa anamtazama wifi. Wifi alikuwa amesimama kwenye kidirisha, aproni yake safi, tabasamu limefunguliwa lote. Sahani ya kwanza iliposukumwa, tabasamu lilipungua kidogo. Ya pili, likapungua tena. Kufikia ya kumi lilikuwa limebaki kwenye pembe moja tu ya mdomo, linang'ang'ania.

"Labda hawana njaa, wifi," akasema kwa sauti ndogo ambayo Mama Upawa hakujua kama anayo.

Mama Upawa akainuka. Akachukua upawa ukutani, akajichotea sahani iliyojaa, akatoka nayo mpaka katikati ya kantini. Hapo, amesimama, watu wote wanamwona, akala. Ilikuwa kama kulamba bahasha iliyolowa chai. Akala mpaka mwisho, akafuta sahani kwa kidole, akalamba na kidole. Halafu akavuta kiti, akaketi mbele ya meneja.

"Unaumwa wapi?"

Meneja akamtazama kwa macho ya kuomba msamaha. "Mama, unajua kabisa ninapoumwa."

"Maliza."

Akaenda kwa fundi pampu. Akaenda kwa msoma mita, akamfunulia leso. Meza kwa meza, mtu kwa mtu, hakuinua sauti. Walikula. Walikula wakishikana mikono chini ya meza. Wenye foleni ya malalamiko, waliokuwa wamechungulia dirishani, wakakumbuka kwamba huduma ya maji kwa kweli si mbaya, wakatawanyika.

Mama Upawa alirudi jikoni na mnara wa sahani nyeupe.

"Wamemaliza?" wifi akauliza.

"Tazama mwenyewe."

"Mbona fundi pampu anatoka machozi?"

"Pilipili, wifi."

"Sikutia pilipili."

Mama Upawa akafikiri haraka. "Ndiyo hivyo. Ameikumbuka."

Wifi akacheka kile kicheko chake, mpaka vifuniko vya sufuria vikatikisika, na Mama Upawa akaegemea sinki, sijui kwa furaha au kwa mdalasini.

Bwana samaki ndiye aliyeona jambo ambalo wote hawakuliona. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, anazungumza kama mtu aliyeota. "Wamekula kilo ishirini na nne. Zote. Na hakuna hata mmoja aliyeuliza wanapatikana wapi."

Alasiri hiyo hiyo alimkalisha wifi chini, akaandika mapishi yake neno kwa neno, na wifi akamsahihisha kuhusu mdalasini, kwamba kiganja ni kiganja cha mtu mzima. Karatasi mpya ikapigwa mhuri, ikabandikwa getini juu ya ile ya zamani: NAMNA BORA ZAIDI. Mji ule uliheshimu mhuri. Ndani ya wiki tatu matangi yakasafishwa, mapipa yakamwagwa, na yule mama mwenye bafu akatangaza kwamba mgonjwa wake amepona na amesafiri. Bwana samaki alizunguka mitaani na mkokoteni kuwakusanya bati waliofukuzwa majumbani, akawaleta wote kantini. Meneja alileta wa kwake mwenyewe kwa ndoo, akawaaga kwa majina. Chama cha Kuwalinda Samaki Bati kilikaa kikao kimoja cha dharura, kikageuka kuwa timu ya mpira.

Bati hawakwisha. Bwana samaki huwa anasema hawatakwisha, labda wajukuu wake watakuja kula wa mwisho. Lakini wamebaki wachache, kingo za bwawa zimeziba, na samaki wa asili wameanza kuonekana tena, wakiwa na aibu aibu kama watu waliorudi kutoka safari ndefu. Wifi aliajiriwa kupika bati kila Jumatatu na Alhamisi. Nyumba yake ilikwisha kuezekwa zamani, akaipangisha. Siku zake mbili hizo meneja huwa na safari ya kikazi, na Mama Upawa hupita mezani na upawa wake, mpaka sahani ya mwisho.

Mama Upawa mwenyewe alikatazwa kwa maandishi kumgusa bati akiwa kazini. Barua aliitia fremu, maana ndiyo sifa kubwa zaidi aliyowahi kupewa na ofisi yoyote. Ila Jumapili moja moja, akishushiwa mmoja mnene na mvuvi mwaminifu, hufunga dirisha, huvuta pazia, akampika kwa ile njia yake ya kwanza, vitunguu rangi ya dhahabu, nyanya zilizoiva mno, kwa ajili ya watu watatu tu wa nyumba ile.

Jumapili iliyopita walikaa hivyo mezani. Wifi akaonja, akatafuna taratibu, akaweka kijiko chini.

"Umejitahidi, wifi," akasema. "Siwezi kukuficha, umejitahidi. Lakini bado kuna kitu kinakosekana."

"Kitu gani?"

Wifi akafikiri sana, kichwa kimelala upande. "Ujasiri," akasema.

Mama Upawa akachota, akaonja tena, akatazama dari. Halafu, sijui kwa nini, labda kwa sababu ilikuwa Jumapili, akaisogeza sufuria upande wa wifi. Wifi akanyanyuka kwenda kabatini. Fundi redio akainuka naye, akasema amekumbuka kuna redio ya mtu inamsubiri, akatoka na sahani yake.